Kujenga na Kupima Programu-jalizi ya Kutunza Ruhusa

Katika mfumo wa kompyuta utumiwao na watu wengi, swali moja hurudi kila mara: je, fulani anaruhusiwa kufungua hati hii? Mwaka 2019 wahandisi wa Google waliueleza mfumo wao uitwao Zanzibar, uliokuwa ukijibu mamilioni ya maswali ya namna hiyo kwa sekunde, 95 katika kila 100 yakijibiwa kwa muda usiofika milisekunde 10. Kutokana na maelezo hayo ilizaliwa hifadhidata ya ruhusa iitwayo SpiceDB, iliyotolewa mwaka 2021. (Jina hilo nalo lakumbusha viungo vya visiwa vile.)

SpiceDB ina sehemu mbili. Kwanza ni muundo, yaani kanuni, mathalani: kusoma = mwalimu + mwanafunzi. Alama ya kujumlisha hapa ina maana ya "au". Pili ni mahusiano: Asha ni mwalimu wa hati ya 7. Kosa dogo katika muundo lina hatari kubwa. Neno "mwanafunzi" likiingia kimakosa katika kanuni ya kuandika, darasa zima litaweza kubadili alama za mtihani.

Kwa hiyo muundo haufai kubadilishwa kiholela. Huandikwa katika faili, hukaguliwa na mtu wa pili, kisha hukabidhiwa Terraform, programu iliyotolewa mwaka 2014. Hiyo hulinganisha hali inayotakiwa na hali iliyopo, huonyesha mpango, na hutenda baada ya kukubaliwa. Lakini yenyewe haijui lugha ya SpiceDB. Programu-jalizi ndiyo mkalimani. Kazi zake ni nne: kuunda, kusoma, kubadili na kufuta.

Kusoma ndiko kugumu. Kanuni zile zile zaweza kuandikwa kwa nafasi au mpangilio tofauti. Programu-jalizi ikilinganisha herufi kwa herufi, itatangaza badiliko lisilokuwapo. Na mkaguzi aliyezoea mabadiliko ya uongo, siku moja atapitisha la kweli bila kulitazama. Yapasa basi ilinganishe maana.

Upimaji hufanywa juu ya seva ya muda, isiyo na data ya mtu yeyote halisi. Muundo ukishawekwa, mpango huombwa mara ya pili: jibu sahihi ni kwamba hakuna cha kubadili. Kisha muundo hubadilishwa nje ya Terraform, ili ionekane kama tofauti itagunduliwa. Mwisho, mpimaji hujaribu kuuondoa uhusiano wa mwalimu, pamoja na kanuni zinazoutaja, ilhali Asha bado ameandikwa. SpiceDB hukataa. Programu-jalizi iliyojengwa vema humfikishia mtumiaji jibu hilo waziwazi, wala haiandiki katika kumbukumbu zake kwamba kazi imekamilika.