Kupika Bia ya Kibelgiji kwa Hamira Kavu: Lita 10

Harufu ya matunda na karafuu katika bia nyingi za Ubelgiji hutengenezwa na hamira yenyewe, na hubadilika kulingana na joto. Ndiyo maana hapa joto limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi, na lifuatwe hivyo hivyo. Kileo kitakuwa takriban asilimia 6.5.

"Kimea cha unga" ni sharubati ya kimea iliyokaushwa. Kikiyeyushwa, kabla hakijachachuka, kitaitwa "maji ya kimea".

1. Kusanya sufuria ya lita 16, ndoo mbili za lita 15 (moja iwe na mfuniko na vali ya maji, inayotoa gesi bila kuingiza hewa), kipimajoto, mizani, haidromita, mpira wa kuhamishia, dawa ya kuua vijidudu, chupa nene za bia, vizibo na kifaa cha kuzibia.

2. Pima kimea cha unga kilo 1.4, sukari nyeupe gramu 250, hopsi za Styrian Goldings gramu 25 na hamira ya SafAle BE-256 gramu 8. Usitumie BE-134 badala yake: hula sukari ambazo BE-256 huziacha, na vipimo vya hatua ya 9 havitafaa.

3. Chemsha maji lita 11.5. Zima moto, koroga kimea hadi kisibaki kilichoganda chini, kisha washa tena. Usiondoke, povu hupanda ghafla.

4. Tia hopsi maji yakitokota. Hesabu dakika 60, sufuria ikiwa wazi.

5. Ongeza sukari zikibaki dakika 10. Karibu yote hugeuka kileo na gesi, ndipo bia inakuwa nyepesi mdomoni ingawa ni kali. Westmalle Tripel na Duvel nazo hupikwa kwa sukari.

6. Poza sufuria ndani ya beseni la maji na barafu hadi nyuzi 18. Kuanzia hapa, kila kinachogusa maji ya kimea kipitishwe kwenye dawa kwanza.

7. Hamishia kwenye ndoo yenye vali na ujazie maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi lita 10. Chota kidogo, pima kwa haidromita: isome 1.058 hadi 1.062. Andika namba hiyo.

8. Nyunyiza hamira juu, funika. Si lazima uitikise ndoo kuingiza hewa: hamira kavu hutoka kiwandani na akiba yake ya kuanzia.

9. Shikilia nyuzi 18 hadi 20 kwa saa 48 za mwanzo. Pima ubavu wa ndoo, si chumba. Bia inayochachuka hujipasha yenyewe. Joto likizidi mapema, harufu ya matunda humezwa na ukali wa kileo. Kisha pandisha hadi nyuzi 23. Baada ya siku 14, pima kwa haidromita siku 3 mfululizo. Usomaji ukiwa uleule, kati ya 1.008 na 1.013, endelea. Ukishuka hata kidogo, subiri: chupa zinaweza kupasuka.

10. Chemsha sukari gramu 7 kwa kila lita ya bia katika mililita 100 za maji, dakika 5. Mimina kwenye ndoo ya pili, hamishia bia juu yake taratibu ukiacha mashapo, koroga polepole.

11. Jaza chupa, acha sentimita 3 juu, ziba.

12. Hifadhi gizani kwa nyuzi 22, wiki 3. Poza chupa moja saa 24, ifungue. Isipotoa sauti ya gesi, zilizobaki zikae wiki moja zaidi.