Anachokiona Dereva wa Lori na Asichokiona

Lori linapopinda kushoto kutoka barabara ya Eldoret–Kapsabet pale Kapseret, bodaboda iliyojipenyeza ubavuni mwake huenda isionekane kabisa na dereva. Si lazima dereva awe mlevi wala mzembe. Umbo la lori lenyewe limemficha mwendeshaji.

Hesabu yake ni rahisi. Magari ya Kenya yana usukani upande wa kulia. Chukua mfano wa lori ambalo macho ya dereva yako mita 2.5 kutoka ardhini, na ukingo wa chini wa dirisha la kushoto uko mita 2 kutoka ardhini na mita 2 kutoka alipoketi. Kila mita 2 za umbali, mstari wa macho yake hushuka nusu mita. Kichwa cha mwendeshaji wa pikipiki, kilicho mita 1.5 juu, kitaonekana dirishani akiwa mita 2 au zaidi kutoka mlangoni. Mtoto wa shule mwenye urefu wa mita 1 hataonekana hadi awe mita 4 kutoka mlangoni. Aliye karibu zaidi ya hapo anategemea vioo vya pembeni, navyo havioneshi kila kitu.

Mambo hugeuka kwa malori yenye usukani kushoto, kwa kuwa Rwanda, Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa lori kama hilo, anayefichika ni yule anayelipita kwa kulia, jambo la kukumbukwa na wanaotumia barabara kuu ya Nairobi–Malaba.

Jijini London, tangu Machi 2021 malori ya zaidi ya tani 12 hayaingii bila kibali kinachozingatia kiasi ambacho dereva huona moja kwa moja kupitia madirisha. Malori ya hapa hayatabadilishwa kesho, kwa hivyo kazi kubwa inabaki kwa dereva kutazama vioo kabla ya kupinda, na kwa bodaboda kusubiri nyuma lori linapowasha indiketa.

Chama cha bodaboda kinaweza kujipimia jambo hili stejini: lori liegeshwe, injini izimwe, kila mwanachama aketi kwenye usukani kwa zamu huku mwenzake akisimama karibu na mlango wa kushoto. Dakika kumi zinatosha.