Kabla ya Kujiandikisha Chuoni, Omba Kibali

Ndugu zetu wengi walioko Marekani wakiachishwa kazi ghalani au kiwandani hujiambia: sasa nina nafasi, nirudi shule. Wazo hilo ni zuri, na natamani wengi walitimize. Ila usianzie chuoni. Anzia ofisi ya jimbo inayokulipa mafao ya ukosefu wa ajira.

Mafao hayo hulipwa kwa sharti kwamba uko tayari kuanza kazi wakati wowote na unaitafuta. Anayesoma kutwa mara nyingi huhesabiwa kuwa hayuko tayari, na hapo malipo husimama. Kwa hofu hiyo wengine huacha kabisa kusoma. Wengine husoma kwa kificho, jambo la hatari zaidi, kwani fomu ya madai huuliza kama unasoma. Ukidanganya, utarudisha fedha pamoja na faini.

Njia halali ipo. Sheria ya shirikisho hairuhusu jimbo kumnyima mafao mtu aliye kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. California wanao mpango wa California Training Benefits. New York ulizia Kifungu 599 cha sheria ya kazi ya jimbo hilo. Ukipewa kibali, unasoma huku unalipwa, bila kulazimika kutafuta kazi. Kozi fupi ya ufundi yenye soko, kama udereva wa malori au uuguzi msaidizi, hukubaliwa kwa urahisi kuliko shahada ya miaka minne. Na hesabu wiki zako mapema: majimbo mengi hulipa hadi wiki 26, lakini Florida huweza kuishia 12.

Ada je? Jaza FAFSA, fomu ya shirikisho ya msaada wa fedha za masomo, uombe Pell Grant, ambayo si mkopo. Mkimbizi na mwenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuomba. Fomu hutazama kipato cha miaka miwili nyuma, ulipokuwa bado kazini, kwa hiyo unaweza kuonekana una uwezo kumbe huna. Peleka barua ya kuachishwa kazi kwenye ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, uombe wakupigie hesabu upya kwa kipato cha sasa. Sheria inawaruhusu kufanya hivyo, lakini usipoomba hawatajua.

Ofisi ya jimbo ikikunyima kibali, kata rufaa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua yake. Wakati unasubiri, endelea kujaza madai yako, maana ukishinda utalipwa kwa zile wiki ulizodai tu.