Hela Usiyoiomba: Maswali na Majibu Kuhusu Vumbi la Kripto

Katandala, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, hakuna mwenye simu asiyeijua meseji ya "ile hela tuma kwa namba hii". Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiutaja Mkoa wa Rukwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli kwa simu, kwa hiyo mtu wa huku akiombwa hela na asiyemjua anafuta meseji na kuendelea na shughuli zake. Kinachomchanganya ni pale asiyemjua anapomtumia yeye hela.

Wakala mmoja wa pesa kwa simu, kijana anayeweka akiba kidogo kwenye bitcoin, alinisogezea simu yake kibandani. Palikuwa na mstari mmoja mpya: imepokelewa, satoshi 546. Jina hakuna, ujumbe hakuna. Maswali yake, na ya wateja waliokuwa wakisubiri huduma, ndiyo haya.

Kaka, shikamoo. Nimepewa hela ya bure, ubaya wake uko wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Tazama kwanza kiasi chenyewe. Bitcoin moja hugawanyika katika vipande milioni 100, na kila kipande huitwa satoshi. Kompyuta zinazopitisha malipo ya bitcoin hukataa kiasi kidogo mno, na kwa anwani za mtindo wa zamani, zile zinazoanza na tarakimu 1, mpaka wa kawaida ni satoshi 546. Aliyekutumia amechagua kiasi cha chini kabisa kinachopita mlangoni. Hata bitcoin ikiuzwa dola 100,000, hizo ni kama senti 55 za dola, na mara nyingine ada ya kuzihamisha huzidi thamani yake. Mtu huyo hutuma hivyo kwa maelfu ya anwani, na ada analipa yeye. Huyo hatoi sadaka. Senti za namna hiyo huitwa vumbi.

Sasa yeye anapata faida gani?

Wewe ni wakala, mbinu yenyewe unaijua. Mtu akitaka kujua namba fulani ni ya nani, hujifanya anaitumia hela. Kabla hajaweka namba ya siri, jina la mwenye laini linatokea kwenye kioo. Anasoma jina, anakatisha muamala, kazi imekwisha.

Vumbi nalo linatafuta mwenye namba, ila huku jina halitokei papo hapo. Bitcoin inaendeshwa kwa daftari la wazi, ambalo wataalamu huliita blokcheni. Tangu tarehe 3 Januari 2009 kila malipo yameandikwa humo: anwani iliyotuma, iliyopokea, kiasi na wakati. Mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Kinachokosekana ni majina. Tena pochi moja, yaani programu ya kutunzia bitcoin, huwa na anwani nyingi, na aliye nje hajui kwamba zote ni zako. Mtuma vumbi anataka umwonyeshe wewe mwenyewe.

Nitamwonyeshaje, na sijaandika jina langu popote?

Mfikirie mkulima wa Ufipa asiyetaka watu wajue amevuna kiasi gani. Gunia tano amezihifadhi kwa shemeji yake Kaengesa, tatu kwa mama mkwe Matai, saba ziko kwake Katandala. Anakuja mpelelezi, na katika kila rundo anachomeka gunzi moja lililopakwa rangi nyekundu. Haibi hata punje. Anaondoka, anasubiri msimu wa kuuza. Siku mkulima anapopakia gunia zote kwenye Fuso moja kwenda kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, magunzi matatu mekundu yanashuka pamoja mzanini. Mpelelezi ameshajua mzigo wote ni wa mtu mmoja, na ameshauhesabu.

Pochi ya bitcoin hufanya kazi kama hilo Fuso. Unapolipa kiasi kikubwa, programu inakusanya vipande kutoka anwani zako mbalimbali na kuvitia kwenye muamala mmoja, na vumbi huzolewa humohumo. Anayesoma daftari anaona vipande vimetoka pamoja, anakisia kwamba mwenye anwani hizo ni mmoja. Udhaifu huu haukuwa siri. Satoshi Nakamoto aliueleza katika waraka wake wa mwaka 2008 ulioitambulisha bitcoin, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha jinsi anwani zinavyoweza kuunganishwa kwa njia hiyo na kufuatiliwa.

Lakini bado jina hajalipata.

Imebaki hatua moja. Ukiwahi kubandika anwani yako kwenye kundi la WhatsApp ili ulipwe, pembeni yake ipo namba yako ya simu. Namba inajaribiwa kwa ile mbinu ya kujifanya kutuma hela, na jina lako kamili linatokea. Njia nyingine ni soko la kubadilishia kripto ulikojisajili kwa kitambulisho cha NIDA. Soko hilo linakujua, na taarifa zake zikivuja, aliyezipata naye atakujua.

Mimi si tajiri. Wakinijua watanifanya nini?

Tapeli wa "tuma kwa namba hii" anarusha jiwe gizani. Anayejua salio lako anakupigia mchana kweupe, anakuita kwa jina, anakutajia kiasi ulichopokea wiki iliyopita, kisha anadai yeye ni huduma kwa wateja na anakuomba maneno yako 12 ya siri. Maneno yale ndiyo pochi yenyewe. Ukiyatoa, hakuna wa kukurudishia.

Hatari hufika hata mwilini. Januari 2025, nchini Ufaransa, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Ledger inayotengeneza vifaa vya kutunzia kripto, alitekwa pamoja na mkewe na akakatwa kidole ili fidia ilipwe. Vumbi halikuhusika pale. Nakitaja kisa hicho ili uone kwa nini kujulikana una nini si jambo la mzaha.

Kwa hiyo kila anayetuma vumbi ni mwizi?

La. Agosti 2019 vumbi la sarafu ya litecoin lilimwagwa kwenye mamia ya maelfu ya anwani, na aliyejitokeza kukiri alisema alikuwa akitangaza kampuni yake ya uchimbaji wa sarafu. Kisa cha Agosti 2022 kilikuwa kizito zaidi. Serikali ya Marekani iliiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuchanganya miamala ya kripto ili chanzo chake kisijulikane. Mtu asiyejulikana akapitishia humo ether 0.1, sarafu ya mtandao wa Ethereum, mara nyingi, kwenda kwa watu maarufu, akiwemo mtangazaji Jimmy Fallon na Shaquille O'Neal wa mpira wa kikapu. Ghafla wakawa wamepokea hela kutoka mahali palipopigwa marufuku, na hawakuwa na namna ya kuikataa. Mwezi uliofuata mamlaka za Marekani zilieleza kwamba kuwaandama waliotumiwa vumbi hilo si kipaumbele chao, na Machi 2025 vikwazo vyenyewe viliondolewa. Funzo lake ni kwamba kwenye kripto mlango wa kupokea haufungwi.

Mimi nafanya biashara ya Tunduma, natumia sarafu ya USDT kwenye mtandao wa TRON. Hili linanihusu?

Linakuhusu, dada, ila kwa sura nyingine. Kwenye TRON na Ethereum salio hukaa kama akaunti, kwa hiyo ujanja wa magunzi hauna nguvu sana. Tapeli huko hutengeneza anwani inayofanana na ya mteja wako herufi za mwanzo na za mwisho, kisha anakutumia senti kidogo, au sifuri kabisa, ili anwani yake ikae kwenye orodha ya miamala yako. Kesho unafungua orodha, unaona mwanzo na mwisho ni uleule, unanakili, unatuma. Mzigo umeenda kwake.

Tarehe 3 Mei 2024 mtu mmoja alinaswa hivyo kwenye Ethereum na kupoteza mali ya takriban dola milioni 68 kwa muamala mmoja. Baada ya mazungumzo mwizi alirudisha karibu yote. Usitegemee bahati ya namna hiyo.

Hizi satoshi 546 nizirudishe?

Usizirudishe, usizitumie, usizichanganye na nyingine. Kwa kukaa tu haziwezi kuiba kitu. Pochi nzuri za bitcoin hukuruhusu kuchagua vipande vya kulipia na kukifungia kile usichokiamini, basi lifungie vumbi. Kila unapolipwa, toa anwani mpya, kama waraka wa 2008 ulivyoshauri. Kwa wa USDT: usinakili anwani kutoka orodha ya miamala. Mwombe mteja akutumie upya, soma hadi herufi za katikati, tuma kiasi kidogo cha majaribio, mpigie athibitishe, ndipo utume mzigo. Ukikuta tokeni ngeni yenye kiungo cha "zawadi", ifiche na usibonyeze.

Nikiibiwa, sheria itanisaidia nini?

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Yaani kodi inakufikia, lakini hakuna dirisha la benki la kukurudishia muamala uliokosewa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila daftari la bitcoin halina ofisi ya kulalamikia wala kifutio. Meseji za kitapeli zitume 15040. Wizi wa mtandaoni uripoti polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Kijana alifungia zile satoshi mbele yangu, na haikumchukua dakika mbili. Nawe msomaji, fungua pochi yako leo, tazama miamala midogo usiyoijua. Kila mmoja ni swali: wewe ni nani, na una kiasi gani? Iache ilipo. Siku utakayoitumia ndiyo utakuwa umejibu.