Viini Viwili kwa Bei Nafuu

Mwanafunzi wa Kamakis, Ruiru, anayetafuta tarakilishi iliyotumika ili aandike tasnifu, asihadaiwe na idadi ya viini. Prosesa ya viini viwili (neno kiini lafaa kuliko moyo, kwani moyo huwa mmoja) haiharakishi kazi moja maradufu. Hugawanya kazi: kiini kimoja kikishughulikia uchapaji, kingine husaka virusi. Pentium E2140 ya mwaka 2007 ilikuwa na kasi ya gigahezi 1.6 na kache, yaani hifadhi ndogo iliyo karibu na viini, ya megabaiti 1, nusu ya ile ya Core 2 Duo E4300. Kwa uchapaji inatosha. Kinachomchelewesha mwandishi zaidi ni uchache wa kumbukumbu na ukongwe wa diski, mambo ambayo muuzaji huyataja mwisho.