Tumbawe Lililovunjika Laweza Kuishi Likishikwa Imara: Somo kwa Wakazi wa Kata za Pwani

Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Katika kila kitundu kinachoonekana juu yake huishi mnyama mdogo laini, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, naye ndiye ajengaye nyumba ya chokaa chini yake. Ndani ya mwili wake umo mwani wa chembe moja, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Wanyama hao wakiungana kwa maelfu hufanya tumbawe moja, na matumbawe mengi hufanya mwamba ambako pweza, changu na kambakoche hupata maficho.

Kwa kuwa mnyama huyu huweza kuongezeka kwa kugawanyika, watu wa nchi nyingi wamejifunza kumzalisha kwa vipande. Wengine humfuga majumbani katika matangi ya kioo, na wengine humpanda katika miamba iliyoharibika. Wilayani Mafia, ambako riziki ya kaya nyingi hutoka mwambani, elimu hii ina manufaa. Hata hivyo, yaweza kuleta hasara endapo anayehamisha tumbawe hajui ni la aina gani. Aina tatu zinafaa kutofautishwa.

Matumbawe ya matawi

Haya huvunjika kwa urahisi, na kuvunjika ni mojawapo ya njia zake za asili za kuongezeka. Kipande chenye urefu wa kidole kikiangukia mahali imara huweza kushika na kuendelea kukua. Kikiangukia juu ya kifusi hubingirika kila wimbi linapopita, nyama yake laini huparuzwa, nacho hufa kabla ya kushika. Ndiyo sababu mahali palipopigwa baruti hubaki kifusi kwa miaka mingi, hata maji yakiwa safi. Vifusi hivyo husogea daima, na matumbawe machanga yanayotua juu yake husagwa. Kazi ya kwanza ya mpandaji, basi, ni kukizuia kipande kisitikisike.

Tumbawe uyoga

Hili ni tumbawe gumu lenye umbo la kofia ya uyoga iliyogeuzwa, likiwa na kuta nyembamba zinazotoka katikati kuelekea ukingoni. Likiwa changa hushikamana na mwamba kwa kikonyo. Likikua huachana na kikonyo hicho na kuishi huru juu ya mchanga au kifusi. Huweza kujivimbisha ili kuondoa mchanga uliolifunika, na baadhi yake hujigeuza yanapopinduliwa.

Aina hii haihitaji kufungwa wala kugandishwa. Inapohamishwa kwa kibali, hulazwa mdomo ukielekea juu, katika kina na mwanga unaolingana na mahali ilikotoka, bila kugusana na matumbawe mengine. Lakini kwa kuwa huokotwa kwa mkono mtupu, ndiyo huwa ya kwanza kuchukuliwa kuwa pambo. Pambo jeupe liuzwalo ufukweni ni mifupa ya mnyama aliyekuwa hai.

Uyoga laini wa bahari

Kiumbe huyu ni jamaa wa matumbawe, ila hana mifupa ya chokaa. Hujigawa mara mbili, au huacha vipande vya unyayo wake anaposogea, na kila kipande huwa mnyama kamili. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humkata kwa wembe kupitia mdomoni, kama mtu akatavyo chapati. Kisha huweka vipande juu ya vijiwe, chini ya wavu, penye mkondo hafifu, mpaka vishike.

Ndani ya tangi, wepesi huo ni faida. Mwambani ni tatizo. Viumbe hawa wameonekana katika miamba mbalimbali ya Tanzania, hasa palipokufa au kuvunjwa matumbawe magumu. Huenea kama zulia, huwawasha majirani, na hukalia nafasi ambayo matumbawe machanga yangetua. Kwa hiyo jiwe lenye uyoga laini halifai kupelekwa sehemu nyingine ya mwamba. Kumkatakata kwa nia ya kumwondoa ni kumzidisha.

Namna upandaji unavyofanyika

Jambo la kwanza ni kibali. Sehemu kubwa ya bahari ya kusini mwa wilaya imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Baada ya kibali, kazi hufuata hatua zifuatazo:

1. Kuchagua mahali ambapo chanzo cha uharibifu kimekwisha na baadhi ya matumbawe bado yako hai.

2. Kukusanya vipande vilivyokwisha kuvunjika ambavyo bado vina rangi, vya takribani sentimita 5 hadi 10, badala ya kuvunja matumbawe mazima.

3. Kuvisafirisha vikiwa ndani ya maji ya bahari, kivulini.

4. Kuvifunga imara kwa kamba, au kuvigandisha kwa saruji juu ya mwamba thabiti.

5. Kuvikagua mara kwa mara, kusafisha mwani, na kuondoa konokono walao matumbawe. Kiti cha pweza chenye miiba mingi kisishikwe kwa mkono, kwa maana miiba yake ina sumu.

Miezi ya Februari hadi Aprili, maji yanapokuwa na joto kali, haifai kwa kazi hii.

Mipaka ya kazi hii

Matumbawe ya matawi hukua kwa sentimita kadhaa kwa mwaka; yale ya mviringo hukua takribani sentimita moja tu. Aidha, upandaji haupozi bahari. Joto la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Mafia, na mwamba wa Kitutia ulikuwa miongoni mwa iliyoathirika vibaya. Nanga moja ikiburutwa huweza kuharibu kwa dakika chache kazi ya misimu kadhaa.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana katika orodha ya vifaa. Pono na tasi hula mwani unaoyasonga matumbawe machanga. Wakivuliwa wote, vipande vilivyopandwa hufunikwa. Eneo lililopandwa, basi, halina budi kupumzishwa, na wavuvi wa nyavu pamoja na akina mama wanaotafuta pweza wakati wa bamvua ndio watakaokosa kitoweo na kipato kwa kipindi hicho. Uamuzi huo haufai kufanywa na wachache. Mahali pake ni mkutano mkuu wa kijiji, ambako ukubwa wa eneo na muda wa kulifunga hukubaliwa na wale watakaoubeba mzigo.

Kijiji chenye nia kianzie kwa kikundi chake cha BMU na serikali ya kijiji, kisha kimwone Afisa Uvuvi kwa ushauri na utaratibu wa kibali. Wakati huohuo, yapo yasiyohitaji kibali wala saruji: kutia nanga mchangani, kupita kwenye mchanga maji yanapokupwa, na kutoa taarifa mapema ya mlio wowote wa baruti.