Pima Kitanda Kwanza, Ndipo Tuchange

Somo la vikundi: mtoto wetu anapokwenda chuoni



Kila mara barua za kujiunga na chuo zikitoka, vikundi vyetu huanza kazi. Mwenyekiti anaitisha mkutano, mweka hazina analeta daftari, na akina mama wanakubali kuruka zamu moja ya mzunguko ili mtoto apate godoro na sanduku. Kazi hiyo ni nzuri na ninyi wenyewe mnaijua. Lakini mara hii tunataka tuongee juu ya jambo moja dogo linalotupotezea pesa: tunanunua vitu kabla ya kujua kitanda kilivyo.

Tuanze na makosa yetu sisi wenyewe.

TULIYOYAONA

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilimsindikiza msichana kwenda chuo cha ualimu. Siku ya mchango tulikuwepo, na tulipiga makofi pamoja na wengine. Lilinunuliwa sanduku la chuma kubwa kuliko yote dukani, kimo chake inchi 15, na godoro nene la inchi 8. Vitu vilipangwa uwanjani, watu wakapita kuviangalia, kila mtu akaridhika.

Kule chuoni msichana alipewa kitanda cha juu, kwenye vile vitanda vya ghorofa ambavyo watoto wanaita dabo deka. Kutoka sakafuni hadi chuma cha kitanda cha chini ilikuwa inchi 12 tu. Sanduku halikuingia, likakaa nje ya chumba, kwenye kijia. Nacho kile chuma cha pembeni cha kuzuia mtu asianguke kilipanda inchi 9 juu ya mbao za kitanda. Godoro likala inchi 8, ikabaki inchi 1. Usiku wa tatu msichana alianguka. Hakuvunjika, tunashukuru, lakini tangu siku hiyo alilala sakafuni. Kabla muhula kuisha, kufuli la sanduku lilivunjwa, na vyeti vyake vya shule vikaenda pamoja na nguo.

Hakutuambia lolote. Aliona aibu kusema kwamba vitu tulivyomchangia havikumfaa. Tulijua alipofunga chuo na kurudi nyumbani mgongo unamuuma. Mama yake alipotaka kumgombeza kwa ajili ya vyeti, mzee mmoja wa kikundi alisema, "Mwacheni mtoto. Sisi tulinunua vitu vya kuonwa hapa uwanjani, hatukununua vitu vya kulalia kule."

Neno hilo lilituingia. Ndilo lililozaa somo hili.

KITANDA NDICHO NYUMBA

Nyumbani mtoto ana jikoni, ana baraza, ana pahali pa kuanika na pa kuweka. Hosteli si hivyo. Mara nyingi sehemu yake peke yake ni ule upana wa kitanda, futi 2½ au 3 kwa futi 6. Hapo analala, anasoma, anaweka nguo, vitabu, viatu na beseni. Kwa hivyo kitanda kikipangwa vibaya, maisha yake yote ya chuo yamepangwa vibaya.

HATUA YA 1: PIMA

Kabla ya kuchanga hata shilingi moja ya vitu, pata vipimo vinne:

(a) urefu na upana wa kitanda kwa ndani, pale godoro linapokaa;
(b) kimo kutoka sakafuni hadi chuma cha chini cha kitanda;
(c) kama ni cha ghorofa, chuma cha kuzuia kimepanda inchi ngapi juu ya mbao;
(d) nafasi kutoka kitanda hadi kitanda cha jirani.

Kama hakuna futi ya kupimia, chukua kamba ya katani na ufunge fundo kwa kila kipimo. Tuma kamba hiyo kwa mwanafunzi wa kijiji anayesoma kule tayari. Leo simu ziko kila pahali. Pigeni, mwulizeni msimamizi wa hosteli. Ulizeni pia kama chuo kinatoa godoro. Wengine wamebeba godoro juu ya matatu, wakafika wakakuta lingine kitandani.

HATUA YA 2: GODORO

Godoro nene si lazima liwe zuri. La kufaa ni lile gumu kiasi, linalobeba mwili bila kuzama. Dukani, ligandamize kwa ngumi kisha uachilie. Likirudi upesi na ukilibeba ni zito kwa unene wake, hilo litadumu. Likiacha shimo, liache dukani.

Kwa kitanda cha juu, hesabu hivi: baada ya godoro kukaa, chuma cha kuzuia kibaki angalau inchi 5 juu yake. Yule msichana wetu alihitaji godoro la inchi 4, nalo lingekuwa la bei nafuu kuliko lile tulilomnunulia.

Kama kitanda ni cha waya zilizolegea, mgongo utauma hata godoro likiwa jipya. Mwombe msimamizi zikazwe. Ikishindikana, fundi akate kipande cha plaiwudi kisichofika kingo za kitanda na akitoboe matundu ili hewa ipite. Tandika mkeka juu yake, halafu godoro. Kila wiki mbili godoro ligeuzwe, kichwani kwende miguuni. Kama liko sakafuni lisikae hivyo, maana unyevu wa simiti huingia kwa chini likaota ukungu.

HATUA YA 3: CHINI YA KITANDA

Hapa ndipo stoo ilipo. Sanduku liwe fupi kuliko nafasi kwa inchi 1 au 2, ili litoke na kuingia bila kukwaruza. Kwenye kitanda cha ghorofa watu wawili wanagawana nafasi hiyo moja, kwa hivyo waelewane siku ya kwanza. Kitanda cha futi 6 ni inchi 72. Masanduku mawili ya urefu wa inchi 30 yanachukua 60, zinabaki inchi 12 za viatu na beseni. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kwenda dukani.

Vyeti na kitambulisho vifungwe kwenye karatasi ya nailoni, viwekwe chini kabisa ndani ya sanduku, na sanduku lifungwe kufuli. Afadhali zaidi, vyeti vyenyewe vibaki nyumbani baada ya kuandikishwa, mtoto abebe nakala. Nguo za mara kwa mara ziwe juu. Chakula kiwe kwenye debe lenye kifuniko, maana panya na mende hawapigi hodi.

Kama kitanda ni cha mtu mmoja na kiko chini sana, kinaweza kuinuliwa. Fundi anakata vipande vinne vya mbao ngumu, vyote sawa, visizidi kimo cha inchi 6, na kila kimoja anakichimba shimo la inchi 1 ambamo mguu wa kitanda unaingia. Bila shimo mguu utateleza. Omba ruhusa kwanza. Kitanda cha ghorofa kisiinuliwe kabisa, wala mtu asitumie matofali.

HATUA YA 4: KANDO NA JUU

Mshonaji wa kikundi anaweza kushona mfuko wa kitandani kwa kitambaa kigumu, hata suruali kuukuu za jinzi. Sehemu moja ya futi 1 inaingia chini ya godoro, na nyingine inaning'inia pembeni ikiwa na mifuko mitatu au minne ya tochi, kalamu, miwani na kitabu cha kusoma. Kinachowekwa hapo kisiwe kizito.

Pale penye mbu, kila kitanda kiwe na neti yake, hata cha juu. Neti ya pembe nne inafaa zaidi kwa kitanda cha ghorofa. Ile yenye dawa ianikwe kivulini siku moja kabla ya kulaliwa. Kila usiku ichomekwe chini ya godoro pande zote. Ikifuliwa, ifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua linaharibu dawa.

HATUA YA 5: KUNGUNI

Siku ya kwanza, kabla ya kutandika, mulika kwa tochi kwenye nyufa za mbao, matundu ya misumari na maungio ya chuma. Ukiona vidoa vyeusi kama wino, wapo. Mimina maji yanayochemka kwenye maungio hayo, kitanda kikiwa kitupu na mbali na nyaya za umeme. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Rudia baada ya wiki moja na tena baada ya mbili, maana mayai huanguliwa nyuma yako. Usimwage mafuta ya taa. Hiyo ni kuita moto kitandani.

Mtoto akirudi likizo, mzigo ufunguliwe nje, si ndani ya nyumba. Wala asichekwe. Kunguni haangalii nani msafi na nani mchafu, anafuata damu tu.

HATUA YA 6: NJIA YA KUPITA

Hili msiliruke. Machi 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 wengine 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama wa mwaka 2008 wa Wizara ya Elimu unasema mabweni ya shule yawe na nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Hata kama mtoto wenu yuko chuo na si shule, hesabu ni ile ile: sanduku likikaa njiani, usiku wa moshi mtu atajikwaa hapo.

Godoro la sponji linawaka upesi na moshi wake una sumu. Kwa hivyo hakuna mshumaa kitandani, hakuna koili ya kuchemshia maji chini ya kitanda, na simu isichajiwe chini ya mto.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Vitu vingi tulivyotaja vinaweza kutoka mikononi mwetu. Fundi wa kikundi atengeneze sanduku la mbao fupi lenye pete ya kufuli. Mshonaji ashone mfuko. Pesa inabaki kijijini na kipimo kinakuwa sawa.

Tena, sanduku liandikwe kwenye daftari kuwa mali ya kikundi. Mtoto akimaliza chuo, linarudi na kumngoja mwingine.

Kile kikundi tulichokitaja kilipata kijana wa pili mwaka uliofuata. Safari hii mkutano haukuanza na mchango. Ulianza na kamba ya katani yenye mafundo manne, iliyowekwa mezani na yule yule msichana. Chuo cha kijana kilikuwa katika mji ule ule, na yeye mwenyewe alikwenda kupima kabla ya kufunga likizo. Mchango ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Iliyobaki ilimlipia msichana gharama za kupata vyeti vingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Mara ya mwisho tulipomchangia mtoto, nani alijua kipimo cha kitanda chake?
2. Je, watoto wetu wana uhuru wa kutuambia kwamba kitu tulichowapa hakifai? Kama hawana, tumewazuia vipi?
3. Katika kikundi chetu nani ni fundi, nani ni mshonaji? Tumewahi kuwapa kazi hii?
4. Nani atapeleka kamba?